Radi haitumwi na mutu: namna chaji zinavyosukumana mawinguni na ardhini

Mvua imerudi Maniema. Asubuhi jua linawaka, saa nane au saa tisa mawingu meusi yanapanda, na kisha radi inaanza kupasua. Kila musimu kama huu habari zinafanana: mutu amepigwa shambani, mbuzi wamekufa chini ya muti, nyumba ya nyasi imeungua. Na karibu kila mara, nyuma ya habari linakuja swali: ni nani aliyeituma?

Swali hilo si la muchezo. Juu ya swali hilo muzee mwenye mvi anaweza kufukuzwa kijijini, mujane anaweza kubomolewa nyumba, na familia mbili zinaweza kuchukiana paka kwa wajukuu. Kwa hiyo leo tutaeleza radi inafanyika namna gani. Tutaanza na nguvu moja ndogo sana, ambayo kila mutoto wa shule anaweza kuiona kwa mikono yake: nguvu inayosukuma vitu viachane.

Vipande viwili vya sashe vinavyokataana

Twaa sashe nyepesi ya sokoni. Kata vipande viwili virefu, upana wa vidole viwili. Sugua kila kimoja kwa kitambaa kikavu, kisha vishike kwa juu na uviache vining'inie karibu karibu. Badala ya kushikamana, vitaachana kama miguu ya mutu anayetembea. Ukivisogeza, vinakimbiana. Hakuna upepo, hakuna kamba. Fanya jaribio hili siku ya kiangazi, juu hewa yenye majimaji inapunguza ile nguvu haraka.

Kitu gani kimepita? Kila kitu duniani, iwe plastiki, muti, maji au mwili wa binadamu, kimejaa chaji za umeme za namna mbili. Moja inaitwa pozitifu, ingine negatifu. Ni alama zilezile za + na − unazoona kwenye mapile ya radio. Kwa kawaida zinalingana, hatuzisikii. Lakini ukisugua kitu, chaji ndogo za negatifu, zile zinazoitwa elektroni, zinahama toka upande mumoja kwenda mwingine. Vipande vyote viwili vya sashe vimesuguliwa kwa namna moja, kwa hiyo vimepata chaji ya namna moja.

Sheria yenyewe ni fupi: chaji za namna moja zinasukumana, chaji za namna mbili zinavutana. Negatifu na negatifu zinakimbiana. Pozitifu na pozitifu zinakimbiana. Negatifu na pozitifu zinatafutana.

Mwaka 1785, enjinia mumoja wa Ufaransa, Charles-Augustin de Coulomb, alipima nguvu hiyo kwa kijiti kilichoning'inizwa kwenye uzi mwembamba wa chuma. Alikuta kwamba ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inapungua mara nne. Ukiongeza mara tatu, inapungua mara tisa. Maana yake ni kwamba chaji zilizobanwa pamoja zinasukumana kwa nguvu sana, na kila moja inatafuta njia ya kufika mbali na wenzake. Shika neno hilo, juu tutalirudilia paka mwisho: chaji zilizobanwa zinatafuta njia ya kuachana.

Wingu la mvua ni kiwanda cha chaji

Wingu lile jeusi linaweza kupanda zaidi ya kilometa 10 kwenda juu. Kule juu kuna baridi kali, hata kama sisi hapa Kindu tunatoka jasho. Ndani yake kuna chembe ndogo za barafu na mabonge madogo ya barafu laini. Upepo unapandisha vile vyepesi, vile vizito vinashuka, na vinagongana njiani mara nyingi sana. Ni kusugua kulekule kwa sashe, lakini kwa ukubwa wa mulima.

Vyepesi vinapanda na chaji pozitifu. Vizito vinabaki chini na chaji negatifu. Basi sehemu ya chini ya wingu, ile inayotuangalia sisi, inajaa negatifu iliyobanwa pamoja.

Sasa angalia ardhi. Ardhi nayo ina elektroni zake. Wingu lenye negatifu linapopita juu, linazisukuma elektroni za ardhi zikimbie mbali, na sura ya ardhi inabaki na pozitifu. Wingu halijagusa kitu, lakini limekwisha kuipanga ardhi chini yake. Linapanga pia muti, nyumba, mutumbwi, na mutu aliyesimama uwanjani.

Kati ya wingu na ardhi kuna hewa, na hewa haipendi kupitisha umeme. Inazuia, inazuia, paka inashindwa. Hapo njia inafunguka toka mawinguni, ikishuka hatua kwa hatua, kama mutu anayetafuta daraja gizani. Toka chini pia, toka vitu virefu, vijinjia vidogo vinapanda kuipokea. Zikikutana, umeme unapita. Ndiyo ule mwanga unaouona. Hewa ya njia hiyo inapata joto la karibu digri 30 000, zaidi ya sura ya jua. Inavimba kwa rafla moja na kusukuma hewa ya pembeni. Ule musukumo ndio ngurumo.

Kampene, ya tatu duniani

Watu wengi wanafikiri radi ni nyingi kwetu juu uchawi ni mwingi kwetu. Vipimo vinasema kitu kingine. Satelite moja ya Marekani na Japani, iliyorushwa mwaka 1997, ilihesabu mianga ya radi kwa miaka mingi katika inchi zote za joto. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Ya kwanza duniani ilikuwa ziwa Maracaibo, inchini Venezuela, na mianga karibu 233 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Ya pili ilikuwa Kabare, Kivu ya Kusini, na karibu 205. Ya tatu duniani ilikuwa Kampene, yetu ya teritware ya Pangi, hapa Maniema, na karibu 177.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua eneo la kilometa 10 kwa kilometa 10 kando ya Kampene. Lina kilometa mraba 100. Kwa mwaka mumoja linapata mianga karibu 17 700, sawa na 48 kila siku. Nyingi zinabaki mawinguni, hazifiki ardhini, lakini hata zile zinazofika ni nyingi sana. Kama kuna mutu anayezituma, basi mutu huyo halali usingizi.

Sababu iko wazi. Tuko karibu na ekwateri, jua linapasha ardhi moto mwaka muzima. Pori letu na mito yetu, Lualaba na matawi yake, vinatoa majimaji mengi hewani. Na upande wa mashariki kuna milima inayosukuma hewa hiyo yenye moto ipande. Joto, majimaji na milima: ndivyo vinavyotengeneza radi Kampene na Kabare. Kwa Venezuela pia, kuna ziwa la maji ya moto na milima pembeni yake.

Nywele zikisimama, mwili unakuonya

Chaji zinazosukumana zinapenda kukusanyika kwenye ncha, juu pale zinakuwa mbali na wenzake. Ndiyo maana radi inapenda kitu kirefu kilicho peke yake: muti wa ngazi katikati ya shamba, antene ya radio, mutu aliyesimama juu ya mutumbwi katikati ya Lualaba. Haichagui roho ya mutu. Inachagua njia fupi.

Kuna alama moja ambayo kila mukaaji wa Maniema anapaswa kuijua. Kama uko inje, wingu liko juu yako, na unasikia nywele za kichwa au za mikono zinasimama, ngozi inawashawasha, basi uko hatarini kabisa. Nywele zako zote zimepata chaji ya namna moja, nazo zinasukumana kama vipande vyetu vya sashe. Mwili wako umekwisha kuwa ncha. Radi inaweza kupiga kisha sekunde chache. Usipige magoti kuuliza ni nani anakuroga. Kimbia kwenye nyumba au gari.

Umeme unapofika ardhini hausimami

Watu wengi wanauliza: mbona muti ndio uliopigwa, lakini mutu aliyekuwa metre chache pembeni naye amekufa? Jibu ni lilelile. Chaji zilizofika pamoja ardhini zinasukumana, kila moja inakimbia upande wake. Umeme unasambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa chini. Mutu aliyepanua miguu, muguu mumoja uko karibu na mahali palipopigwa, mwingine uko mbali kidogo. Umeme unapanda na muguu huu na kushuka na ule. Ng'ombe na mbuzi wanakufa zaidi, juu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali na moyo uko katikati.

Hii inatusaidia kufikiri juu ya habari moja ambayo watu wa umri wetu wanaikumbuka. Mwezi wa kumi mwaka 1998, gazeti L'Avenir la Kinshasa lilitangaza kwamba radi imepiga uwanja wa mupira huko Kasai wakati wa mechi. Wachezaji 11 wa ekipe moja, Bena Tshadi, walikufa, na ekipe ingine ikabaki salama. Matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Habari hiyo ilizunguka dunia muzima, na watu wakasema ni uchawi, juu radi ilichagua upande mumoja.

Lakini kwenye uwanja mupana, umeme uliosambaa ardhini haupati watu sawasawa. Aliye karibu na pale palipopigwa anapata mwingi. Aliye mbali anapata kidogo, ao hapati kitu. Ardhi yenye maji inapitisha umeme vizuri kuliko ardhi kavu, na mutu aliyepanua miguu anakimbia anapata kuliko aliyesimama miguu pamoja. Watu wanaweza kuwa uwanja mumoja, saa moja, na mapato yakawa mbalimbali, bila mukono wa mutu.

Ndani ya gari, chaji zinabaki inje

Mwaka 1836, Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba kikubwa, akakizungushia waya na karatasi za madini, kisha akakitia umeme mwingi toka inje. Yeye mwenyewe aliingia ndani na vipimo vyake. Hakukuta umeme wowote ndani. Kwa nini? Juu chaji zilizowekwa kwenye chuma zinasukumana, na mahali pa mbali kabisa ambapo zinaweza kuachana ni sura ya inje. Ndani hazina kazi.

Kwa hiyo gari lililofungwa, lenye bodi ya chuma na vioo vimepandishwa, ni kimbilio zuri. Matairi ya mpira si sababu. Sababu ni ile bodi ya chuma inayopitisha umeme kwa inje paka chini. Ndiyo maana moto na baiskeli hazisaidii kitu, hata kama nazo ziko na matairi. Ndugu zetu motard, mukisikia ngurumo, musimamishe moto na muingie nyumba ya karibu. Si chini ya muembe.

Nyumba nayo? Nyumba ya matofali yenye manjanja ni bora kuliko nyumba ya nyasi. Manjanja haziite radi. Lakini ukiwa ndani, kaa mbali na ukuta, mulango na dirisha. Chomoa televizio, chomoa kamba ya pano solere, usichaji telefone. Telefone iliyo mufukoni, isiyofungwa na kamba, haivuti radi. Hatari ni kamba inayotoka inje. Kuna wanaofunika vioo, kuna wanaokataza nguo nyekundu. Chaji hazina macho, hazioni rangi.

Kwa masomo, makanisa na hospitali, dawa ya kweli ni paratoneri. Ni ncha ya chuma juu ya nyumba, kamba nene ya shaba, na chuma kilichozikwa kwenye ardhi yenye majimaji. Mwamerika Benjamin Franklin ndiye aliyeleta wazo la ncha ya chuma, na mwezi wa tano mwaka 1752 jaribio lake lilifanywa karibu na Paris: ncha ilivuta cheche toka wingu. Mwaka uliofuata, Georg Richmann, mwenye elimu kule Saint-Pétersbourg, alipigwa na kufa akifanya majaribio ya namna hiyo. Basi tusijaribu wenyewe. Paratoneri isiyofika ardhini vizuri ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Inataka fundi anayejua, na inataka kuangaliwa kila mwaka.

Aliyepigwa anaguswa

Hapa ndipo watu wetu wanapokufa bure. Wengi wanaogopa kumugusa mutu aliyepigwa na radi. Wanasema bado iko ndani yake, itarukia mwingine. Wanangoja muganga afike kwanza. Dakika zinapita, na mutu ambaye angeweza kupona anakufa.

Rudia ile sheria. Chaji zilizobanwa zinatafuta njia ya kuachana. Mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, unapitisha umeme, hauuhifadhi kama pile. Kisha radi kupiga, chaji zimekwisha kukimbilia ardhini kabla hujamaliza kusema jina la Mungu. Hakuna kitu kinachobaki ndani. Unaweza kumugusa mara moja.

Inchini Marekani, ambako wanahesabu watu waliopigwa, karibu 9 kwa 10 wanabaki hai. Anayekufa, mara nyingi ni kwa sababu moyo umesimama ao pumzi imekatika. Kwa hiyo:

– Kwanza angalia kama radi bado iko karibu. Kama iko, muvute pahali salama.
– Kama wameanguka wengi, anza na yule asiyepumua. Anayelia ao kupiga kelele anaweza kungoja.
– Kama hapumui, mulaze chali, weka mikono yako katikati ya kifua, na ubonyeze kwa nguvu na haraka, mara 100 paka 120 kwa dakika, kina cha sentimeta 5. Usiache paka apumue ao paka muganga wa hospitali afike.
– Hata kama ameamka na kusema ni muzima, mupeleke santre de sante. Radi inaweza kuumiza moyo, masikio na ubongo.

Kabla mvua haijafika

Hesabu sekunde toka mwanga paka ngurumo. Kila sekunde 3 ni karibu kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko kilometa 10 ao karibu zaidi, na inaweza kukufikia. Ingia ndani, na ungoje dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Wenye kuvusha watu kati ya Alunguli na Kasuku, wavuvi, na wenye kusafiri na balenieri: ngurumo ya kwanza ndiyo amri ya kufika kando. Juu ya maji, wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote. Walimu, simamisheni mechi. Mama zetu wa mashamba, acheni jembe na mutoke kando ya muti mukubwa. Kama hakuna nyumba kabisa, chuchumaa miguu pamoja, mukiachana metre kadhaa, umeme usipate wote kwa mara moja. Usilale chini.

Tunajua elimu hii haifuti machozi. Mama aliyepoteza mutoto shambani haulizi chaji zimesukumana namna gani. Anauliza kwa nini yeye, kwa nini siku ile. Fizike inaweza kumujibu sehemu moja tu: mutoto wake alikuwa mahali ambapo njia ilikuwa fupi. Kwa maombolezo, ana familia, ana jirani, ana kanisa ao muskiti.

Lakini sehemu hiyo moja inatosha kuokoa mutu wa pili. Muzee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji hana mukono unaoweza kusugua barafu kilometa 10 juu ya Pangi. Mutu akishitakiwa mbele yako kwamba ametuma radi, kata vipande viwili vya sashe, visugue, na uwaonyeshe watu namna vinavyoachana. Kisha peleka maneno kwa shefu ao polisi kabla vijana hawajashika mawe.